Maji yamewaka: siku moja katika maabara ya vinasaba vya saratani

Mtaani kwetu Kimara swali ni lile lile kila wiki: "Dokta, dawa ya saratani bado hamjaipata?" Mara nyingi anayeuliza ana mgonjwa nyumbani, kwa hiyo anastahili jibu kamili. Mimi si daktari wa wodini, na maabara yetu haitafuti dawa. Tunasoma vinasaba vya uvimbe wa mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ili kujua umebeba kirusi cha HPV cha aina gani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani, na zimo kati ya aina ambazo chanjo inazilenga. Wasichana wa miaka 14 walianza kuchanjwa nchi nzima mwaka 2018. Tusipoandika leo ni aina zipi zimo kwenye uvimbe, hao wasichana wakifika umri wa mama zao hakutakuwa na cha kulinganisha. Hii ni Jumanne yetu moja.

Saa 11:40 alfajiri. Mwendokasi, kusimama njia nzima, kushuka Faya, kisha kwa miguu hadi Upanga.

Saa 1:15 asubuhi. Kabla ya chai, friza. Ile ya hasi 80 inasoma hasi 79, ya hasi 20 iko sawa, naandika kwenye daftari la mlangoni. Friza kubwa hutoa joto jingi, na kwa joto la Dar chumba kisipokuwa na kiyoyozi kinachofanya kazi kompresa haipumziki. Kichujio cha vumbi kule chini tunakisafisha kila wiki. Friza nyingi hufa kwa sababu ya kichujio hicho tu.

Saa 2:00. Kukata. Sampuli zinatufikia zikiwa vipande vya nyama vilivyogandishwa ndani ya nta ya parafini, kila kimoja kama kipande kidogo cha sabuni. Hapa kwetu nta hulainika haraka, na ikilainika inajikunja kwenye wembe badala ya kukatika. Kwa hiyo bloku zinakaa juu ya barafu dakika 10 kabla ya kupanda kwenye mashine ya kukatia. Vipande viwili vya kwanza natupa, maana uso wa bloku umeshikwa na mikono mingi. Vinavyofuata vitano, vyenye unene wa maikromita 10 kila kimoja, vinaingia kwenye kichupa. Halafu wembe mpya, na mashine inafutwa kwa zailini, kisha ethanoli. Baada ya kila bloku tano nakata bloku ya nta tupu na kuipitisha hatua zote kama vile ni mgonjwa. Nta tupu ikija kuonyesha kirusi, ujue tumehamisha nyama ya mtu mmoja kwenda kichupa cha mwingine.

Saa 4:00. Sampuli za jana zimelala usiku kucha kwenye nyuzi joto 56 pamoja na kimeng'enya kinachoyeyusha protini. Sasa zinapanda nyuzi 90 kwa saa moja ili vifungo vilivyowekwa na fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, viachie, kisha DNA inanaswa kwenye kichujio, inaoshwa mara mbili na kutolewa kwa maikrolita 50 za maji.

Hapa niseme na wanaokata nyama theatre, maana mengi huamuliwa kule. Fomalini huingia kwenye nyama taratibu, kama milimita 1 kwa saa. Nyama kubwa ikibanwa kwenye chupa ndogo, katikati yake inaoza kabla dawa haijafika. Ikisahauliwa humo wiki mbili, DNA inakatika vipande vipande. Fomalini isiyo na bafa (chumvi za kuzuia asidi) nayo hugeuka taratibu kuwa na asidi, na asidi huila DNA. Kinachotakiwa ni fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake walau mara 10 ya nyama, na isizidi siku mbili au tatu. Sisi hatuna namna ya kurudisha kilichokatika. Tunachofanya ni kutafuta vipande vifupi vya kirusi, vya herufi za DNA kama 150, kwa sababu vya 450 kwenye bloku za zamani mara nyingi havipatikani.

Saa 5:30. PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi, iliyowekwa jana jioni imekamilisha mizunguko 40: nyuzi 94 pande mbili za DNA zitengane, 40 praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) zishike, 72 kimeng'enya kijenge. Sampuli 20, na pembeni vichupa viwili vya ulinzi. Kimoja kina DNA ya seli za HeLa, zilizotoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, Mmarekani aliyefariki mwaka 1951. Zimebeba HPV 18 hadi leo, kwa hiyo hicho lazima kiwake, yaani kionyeshe ufito unaong'aa kwenye picha ya jeli. Cha pili kina maji matupu, na hicho lazima kibaki giza. Pia kila sampuli inapimwa mara ya pili kwa kinasaba cha binadamu, beta-globini. Pasipo beta-globini, "hakuna kirusi" si jibu, kwani huenda DNA yote ilikwisha kufa.

Kisha jeli ya agarozi ya asilimia 2, ambamo umeme hupanga nakala za DNA kwa urefu wake: volti 100, dakika 45.

Saa 6:40 mchana. Mwanafunzi wetu wa uzamili ndiye aliyepiga picha ya jeli chini ya mwanga wa urujuanimno. Amerudi bila kukaa.

"Dokta, maji yamewaka."

Mstari wa maji una ufito mweupe, mwembamba, umenyooka sambamba na wa HeLa. Herufi 150. Sampuli 13 nazo zimewaka, na huwezi kujua ipi ina kirusi kweli na ipi imeangukiwa na kilekile kilichoangukia maji. Zote 20 zimefutika. Kubakiza zile zinazong'aa sana ni kishawishi kikubwa, na ni kosa.

"Tuanzie wapi?"

"Lete picha ya beta-globini."

Huko maji ni giza totoro. Sampuli 17 zimewaka, tatu hazikuwaka. Hizo tatu ni bloku mbovu, zitakatwa upya, na picha hii ya beta-globini inasimama kwa sababu maji yake ni safi. Lakini giza hilo linatuambia pia mwizi ni wa aina gani. Ingekuwa ni nyama, au mate, au DNA ya HeLa iliyomwagika kwa wingi, huenda kinasaba cha binadamu nacho kingeonekana. Kirusi peke yake bila binadamu kinaelekeza kwenye nakala za PCR za siku zilizopita. Kichupa cha maikrolita 25 kikimaliza mizunguko 40 kina mabilioni ya nakala. Ukikifungua, tone lisiloonekana kwa macho linatosha. Ndiyo maana chumba cha kuchanganyia na chumba cha jeli havitumii koti moja, pipeti moja, wala kalamu moja.

Kuwinda ni hivi: vichupa vitano, vyote maji matupu. Cha kwanza vitu vyote vya zamani. Cha pili maji mapya, vingine vya zamani. Cha tatu praima mpya. Cha nne kimeng'enya kipya. Cha tano vyote vipya. Kabla ya hapo meza zote zinafutwa kwa jiki iliyochanganywa moja kwa tisa, dakika 10, kisha maji safi, kisha ethanoli. Pipeti zinafunguliwa na kuoshwa ndani. Mgongo unauma, glavu zimelowa jasho, na unabadilisha nyingine kila unapogusa kitasa. Chakula kimepita. Ukiwa umeinama hivyo ndipo unaiona stendi ya vichupa yenye rangi ya machungwa, ya chumba cha jeli, imekaa kimya ndani ya kabati la kuchanganyia.

Umeme ukakatika mashine ikiwa mzunguko wa 22. Betri ikaishika hadi jenereta ikanguruma. Tulikaa tukitazama namba kwenye kioo mpaka ikasoma 23.

Jioni. Giza limeingia nje tulipoiweka jeli kwenye mwanga. Cha kwanza kimewaka. Cha pili kimewaka. Cha tatu giza. Cha nne kimewaka. Cha tano giza. Ni praima.

Stoku yake imegawanywa tangu ilipofika kwenye vichupa vya maikrolita 20, na kilichofunguliwa ni kimoja tu, kwa hiyo hasara ni hicho na siku mbili za kazi. Kingekuwa kichupa kimoja kikubwa, tungeagiza upya nje na kusubiri wiki kadhaa. Kimeingia kwenye mfuko wa taka. Stendi ya machungwa iko ndani ya ndoo ya jiki. Kwenye daftari nimeandika tarehe, namba ya kichupa, na picha mbili za jeli nimezibandika, ile mbaya pia.

Kesho saa 2 sampuli 17 zinarudi mashineni. Maji yatawekwa kwenye vichupa vitatu: mwanzo wa mstari, katikati na mwisho.