Koti la Makambako

Kondakta amenipigia saa moja asubuhi. "Kaka, una kiroba chako hapa Rangi Tatu. Wahi, kinachukua nafasi." Nimekwenda na ndala. Kiroba kimefungwa kwa kamba ya mkonge, na kabla sijakifungua nilishajua kimetoka kwa nani: kinanuka moshi wa jikoni kwa mama mdogo.

Kimenirudisha Aprili.

Mvua za El Niño zilikuwa zinanyesha tangu Oktoba 2023, na ilipofika Aprili 2024 mto Rufiji ukapanda ukameza mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge kwamba nchi nzima watu 155 wamekufa na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Simu ya mama mdogo wakati huo ilikuwa haipatikani siku ya nne. Kijiweni kwetu Mbagala kila mtu aligeuka mhandisi: huyu anasema ni maji ya bwawa la umeme la Nyerere yamefunguliwa, yule anajibu kama serikali ilivyojibu, kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mimi nilitaka simu iite tu.

Siku ya tano ikaita. Wako salama, wamelala kwenye mahema upande wa Chumbi, na mpunga umekwenda wote. Umekwenda ukiwa umeshika masuke, umebakiza wiki chache kuvunwa. Hapo mtu wa mjini huwa anauliza, kwa nini wanalima bondeni? Bibi yetu alihamishwa kutoka bondeni kwa operesheni ya serikali ya 1968 na 1969, akapandishwa juu kwenye kijiji. Aliyehama ni yeye. Udongo haukuhama naye, na huko juu ni mchanga. Kwa hiyo akawa analala juu na kushuka kulima, na msimu ukipamba moto anahamia dunguni kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Watoto wake wakafuata njia hiyohiyo.

Kundi la ukoo likachemka. Wiki ile miamala haikukatika. Hata binamu ambaye huwa haonekani mpaka kuwe na pilau alituma. Tukakodi Fuso, tukajaza sembe, maharage, mafuta, sabuni, mabeseni, vyandarua na marobota mawili ya nguo. Katika robota moja nilitia koti langu zito nililonunua mwaka niliofanya kazi Makambako kwenye baridi. Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri, nilifungua kabati, nikaona kitu kisichonifaa, nikakiita msaada.

Tulivuka daraja la Mkapa kimyakimya. Maji yalikuwa pande zote mbili, ya rangi ya chai ya maziwa, na paa la bati limejitokeza peke yake, kuku wawili juu yake. Dereva akasema wenyeji wanawakataza watoto kusogea ukingoni, mamba wamefika mpaka uani.

Kambini tukaaibika mapema. Vifurushi tulikuwa tumevipanga Mbagala kwa kuhesabu nyumba, nyumba moja kifurushi kimoja, na daftari nimelishika mimi. Nikamwita mama mdogo, nikampa kimoja. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaniuliza taratibu, "Na wa vyungu vingine?" Nyumbani kwake kuna chungu chake, chungu cha mkwe wake mwenye watoto wanne, na chungu cha mdogo wake mjane. Paa moja, vyungu vitatu. Mimi niliyekula kwenye nyumba hiyo kila likizo nilikuwa nimeandika "1". Tukapangua mzigo upya pale kwenye matope, na dereva analalamika jua linazama.

Wakati wa kuagana ndipo akaniuliza, "Mwanangu, mbegu mmeniletea?"

Nikacheka. Maji yalikuwa bado yamesimama shambani, nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Mafuriko yakishuka huacha tope jeusi lenye rutuba, na wao hupanda mahindi, kunde na choroko kwa kuyafuata maji yanavyorudi nyuma, tope likiwa bado na unyevu. Ndiyo mlau. Mlau hautaki mvua, unataka uwahi. Na mbegu zake, zile za mahindi alizokuwa anazitundika na maganda yake juu ya jiko ili moshi uwafukuze fukusi, zilikwenda na jiko lenyewe.

"Unga huu tutaumaliza," akasema. "Maji yakishuka tukiwa hatuna mbegu, mtatuletea unga mpaka lini?"

Nikaandika mbegu kwenye daftari, nikapigia mstari. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, macho ya watu yakahamia Mafia na Kilwa. Juni nilipoandika kwenye kundi kwamba tope linaanza kushikika na sasa tunahitaji mbegu, nilijibiwa kwa vidole gumba. Vidole gumba kumi na moja, nilivihesabu. Pesa ilitoka kwa watu watatu, na mmoja wao akauliza kama mbegu ni lazima. Siwalaumu sana. Mtu aliye juu ya paa anaonekana kwenye simu, mwanamke anayetazama tope likikauka haonekani. Nilinunua Ikwiriri mahindi ya muda mfupi na kunde, nikampelekea kwa bodaboda. Nilichelewa kama wiki mbili. Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imeshapasuka nyufa, akapanda ya chini tu.

Leo nimekifungua kiroba sebuleni. Mahindi mabichi, yamejaa mpaka juu, mengine mafupi kama kiganja, ya pale tope lilipoanza kukauka. Kunde kwenye mfuko wa sukari. Chini kabisa kitu kizito, kimekunjwa vizuri, kimefuliwa, kinanuka moshi na sabuni ya mche.

Nikampigia kushukuru. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Mahindi chemsha leo leo, yasikomae. Na koti lako hilo baba, huku hatuna baridi."