Mombo mpaka Tanga na mzee wa korona

Basi lilitoka Moshi asubuhi, mi nikawa nasinzia tu mpaka Mombo ndo akapanda mzee mmoja na mbuzi wake wawili, konda akagoma, wakabishana weee mwisho mbuzi wakaingia buti na mzee akaja kukaa pembeni yangu. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, stori zikaanza.

Kupita Korogwe mashamba ya mkonge yanaanza kuonekana, mengine yamepandwa upya mengine ni pori tu. Chuo tulikaririshwa yule mchumi Rostow na hatua zake 5 za maendeleo, kwamba jamii inatoka kwenye mila inapanda ngazi mdogo mdogo mpaka inafika kwenye kula bata. Sasa mzee ananambia baba yake alitoka Kigoma enzi za mwingereza kuja kukata mkonge huku kama manamba, yaani kibarua unaandikwa namba na jina linaishia hapo. Anapewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku haihesabiwi mpaka umalize kukata mafungu yako, fungu moja majani 30. Kilichomtoa kwao ni kodi ya kichwa, ilitakiwa kwa hela, na kijijini hela hakuna.

Hapo nkamkumbuka mwanahistoria Walter Rodney aliyefundisha pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, aliyesema kwamba Waafrika hatukuachwa nyuma bali tulirudishwa na wazungu. Angalia hata reli, imeanza kujengwa Tanga 1893, mwaka ule ule mjerumani Hindorf aliouleta mkonge, miche 62 tu ndo ilipona. Reli haikuwa na habari na vijiji, ilikua inakimbilia bandarini na singa, yaani nyuzi za mkonge (katani), zikasokotewe kamba huko Ulaya.

Ila mzee hakukubali kirahisi. Anasema yeye kafanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani ya mkonge, king'ora kikilia wote mnaamka, kambini kulikua na umeme na maji ya bomba na zahanati, wajukuu zake leo wanachota mtoni. Sasa hapo ngazi ya Rostow inaelekea wapi jamani? Usasa haukuchelewa kufika huku, ulifika mapema ukaondoka. 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000 za mkonge, namba moja duniani, halafu kamba za plastiki zikaingia sokoni bei ikaporomoka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na hapo kila mtu ana lawama zake. Mzee yeye hailaumu serikali wala mzungu, analaumu plastiki. Mi naona kote kuna ukweli kidogo ila nikimsikiliza Rodney ana uzito zaidi, maana bei hatukuwahi kuipanga sisi.

Segera konda kanunua machungwa, tukaendelea. Hale mzee akashuka, nikamsaidia kutoa mbuzi kwenye buti, nyuma yake mkonge umejipanga mistari mpaka milimani. Mbuzi wamefungwa kamba za plastiki, za bluu. Nikamuuliza vipi mzee, akacheka, "ya katani bei ghali mjukuu wangu".