Vidole chini ya taya
Tezi zangu za mate zilivimba chini ya taya, ngumu kama kokwa mbili zilizofichwa ndani ya ngozi. Mwanzoni niliambiwa huenda ni saratani. Kinyama kilichokatwa kwa ajili ya kupimwa ndicho kilichosema kweli: ni ugonjwa wa IgG4, uliopewa jina la aina moja ya kingamwili, ambao huvimbisha viungo kisha kuviachia makovu magumu. Kongosho, mirija ya nyongo, figo, hauchagui.

Prednisoloni, dawa ya steroidi, iliyeyusha uvimbe ndani ya wiki chache. Lakini kila nikipunguziwa vidonge, vidole vyenyewe hurudi kupapasa pale pale.

Ndiyo maana utafiti wa MITIGATE, uliochapishwa mwishoni mwa 2024, niliusoma huku machozi yakinilenga. Wagonjwa wa IgG4 walikuwa 135. Wengine walipewa inebilizumabu, dripu inayoangamiza seli B, aina ya seli za kinga, wengine dripu isiyo na dawa. Steroidi wote wakapunguziwa hadi kuachishwa. Ndani ya mwaka, ugonjwa uliamka kwa 7 kati ya 68 waliopata dawa, na kwa 40 kati ya 67 wasioipata. Arobaini! Hao nawajua, ni mimi.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo Aprili 2025. Inashusha kinga, kwa hiyo maambukizi ndilo swali langu la kwanza kwa daktari. Na wale waliokubali dripu tupu, nawashukuru kwa moyo wote.