Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta Morogoro na CD "zisizofunguka"

Saa 2 asubuhi

Fremu imefunguliwa, nimeshafagia, umeme upo, naanza na kiporo cha jana. Ni kompyuta ya mezani ya dada mmoja mwenye studio ya picha, ukiweka CD taa ya draivu inawaka vizuri lakini ukienda This PC draivu haipo, imepotea kabisa. Alishaambiwa anunue mpya. Mi nikaingia Device Manager nikakuta alama ya njano na Code 39, yaani Windows imeshindwa kupakia draiva (programu inayoendesha kifaa), nikampigia simu kumuuliza kama kuna programu ya kubani CD kaitoa karibuni, akasema ndio. Hapo nikajua. Hizo programu zinaweka vitu viwili kwenye rejistri (ndo daftari la mipangilio ya Windows), UpperFilters na LowerFilters, sasa programu ikitolewa vibaya vyenyewe vinabaki, Windows inaenda kutafuta draiva ambayo haipo tena na inakwama hapo. Nikatoa nakala ya rejistri kwanza, nikavifuta, nikarestati, draivu ikarudi bila kununua kitu.

Ila ukijaribu mwenyewe angalia uko fungu gani la rejistri. La CD linaanza na 4D36E965, la kibodi linaanza na 4D36E96B, yaani zimepishana herufi moja tu ya mwisho, na kibodi nayo ina UpperFilters yake. Ukifuta ya kibodi hutaandika hata pasiwedi.

Saa 4 kasoro

Kaja mama mmoja, kanga mbili, bahasha kubwa ya hospitali kaikumbatia. Shikamoo mama. Marahaba baba, naomba uniangalizie hii CD. Ni CT scan ya mume wake, kesho ana kliniki hospitali nyingine, na kijana wake kaiweka kwenye kompyuta ya ofisini kwao haikutokea kitu chochote, basi mama usiku kucha anawaza kwamba kapewa CD tupu na hela kashalipa.

Nikaiweka. Kweli kimya, hamna dirisha lolote lililokuja. Lakini nilivyobonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye ile draivu nikachagua Open, vitu vyote vimo: folda la DICOM (aina ya faili za picha za hospitali) ndo picha zenyewe, faili la DICOMDIR ambalo ni orodha ya hizo picha, programu ya kuzitazamia, na kijifaili kinaitwa autorun.inf.

Hicho kijifaili ndo stori nzima. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kukifungua na Notepad, ndani kinaiambia Windows "diski ikiingia endesha programu fulani", na utaratibu huo upo tangu Windows 95. Ulikuwa mzuri mpaka virusi wakaujua. Kirusi mmoja anaitwa Conficker mwishoni mwa 2008 alikuwa anajiandikia autorun.inf yake kwenye flashi, unachomeka, ukibofya tu kidirisha kinachokuja umekwisha. Windows 7 ilivyokuja 2009 ikazuia flashi kujiendesha hivyo, halafu Februari 2011 XP na Vista nazo zikaletewa zuio hilo hilo. CD hazikuzuiwa, ila kwenye ofisi nyingi IT wanazima AutoPlay yote (kile kinachofungua diski yenyewe ikiingia) kwa usalama na mi nakubaliana nao kabisa, sema sasa hawawaambii watumiaji, mtu anaweka diski anaona kimya anajua ni mbovu.

Nikafungua ile programu kwa mkono, picha zikaja. Mama akaniuliza "kwa hiyo anaumwa nini?" nikamwambia mama hilo ni la daktari, mimi nimethibitisha tu picha zipo na jina la mzee lipo. Nikamnakilia CD yote kama ilivyo kwenye flashi, mafolda bila kuyagusa, maana ukichomoa picha peke yake DICOMDIR haitaikuta.

Saa 8 mchana

Wali maharage nimekula nimesimama maana mzee mmoja kaja na DVD ya harusi ya binti yake. Laptopu yake inasoma CD za kwaya zote, DVD haioni hata moja. Watu hawajui kuwa CD na DVD zinasomwa na miale tofauti ya leza, urefu wa wimbi wa ile ya CD ni nanomita 780, ya DVD 650, kwa hiyo mmoja unaweza kuchoka na mwingine ukabaki mzima. Nikapangusa lenzi na spiriti, bado. Nikachomeka draivu yangu ya nje ya USB, DVD ikasoma, ila sasa Windows 10 ikawa haina cha kuichezea maana haiji na programu ya DVD za video, nikamwekea VLC. Diski ilikuwa nzima muda wote, na mzee karibu aitupe!

Saa 10

Katibu wa ofisi jirani shida yake kinyume, kila akiweka CD mziki unaanza wenyewe mbele ya wageni. Control Panel, AutoPlay, nikaiweka iwe inauliza kwanza. Dakika mbili. Na ukiwa kwenye kompyuta ya mtu shikilia tu Shift wakati unaingiza diski.

Saa 12 jioni

Dada wa studio kachukua mashine yake, nikitaka kufunga akaja kijana na DVD ya mazishi ya baba yake ina ufa kutoka katikati. Anaomba nijaribu mara moja tu. Nimekataa. CD kwenye draivu ya kasi ya 52x inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika, DVD nayo haiko mbali, yenye ufa inaweza kupasukia humo humo, hapo umepoteza diski na draivu. Nikamshauri ampigie aliyepiga ile video, wapiga video wengi huwa wanabaki na faili kwenye kompyuta zao. Akapiga pale pale, jamaa kasema ataangalia kesho asubuhi.