Bakteria wa hewa ukaa na shida zao

Nikisema nafuga bakteria wanaokula hewa ukaa, watu hudhani nawafungulia gesi tu, basi. Laiti! Hewa ukaa ni kama majivu: imeshaungua, nguvu imekwisha. Ili igeuke kemikali ya maana, bakteria lazima apate nguvu kutoka kwingine.

Mwaka 2019 kikundi cha Ron Milo, Taasisi ya Weizmann huko Israeli, kilimbadilisha E. coli, bakteria wa utumbo aliyezoea sukari, akajenga mwili wake wote kwa kaboni ya hewa ukaa. Jaribio tamu sana, ila wanaolishangilia husahau kwamba asidi fomiki aliyotumia kupata nguvu ilitoa hewa ukaa nyingi kuliko aliyoila.

Wangu ni Cupriavidus necator, na nguvu yake ni haidrojeni. Nitrojeni ikipungua huku kaboni ikiwepo tele, hujijaza chembe za plastiki kama akiba. Kwenye hadubini unaziona ziking'aa ndani ya mwili. Sisi tunazima jeni za akiba hiyo na kumpandikizia za kutengeneza isopropanoli, aina ya alkoholi. Jeni si tatizo kubwa. Kinachonitoa jasho ni haidrojeni: haiyeyuki vizuri majini, na bakteria huyu anataka oksijeni pia. Ukikosea vipimo vya gesi hizo mbili, cheche moja inatosha kulipua mtungi.