Watatu wa Houston

Julai 2011 wamiliki wa timu za NBA waliwafungia wachezaji milango kwa ugomvi wa mkataba, na mpaka Novemba inakaribia kwisha hapakuwa na mechi hata moja. Sisi wa Houston tunaopenda mpira wa kikapu tulibaki kutazama marudio na kupangua kadi zetu, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya na kubadilishana. Ndiyo maana onyesho la kadi la vuli ile, lililofanyika kwenye ukumbi wa hoteli, lilijaa watu hadi milangoni.

Nilikwenda na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, mimi ni wa Tanga, na kilichotuunganisha kabla hata ya ndoa kilikuwa kikapu. Nilibeba boksi moja la kadi zangu nzuri kwa ajili ya kubadilishana, na nia yangu ilikuwa nitoke pale nikijua nakusanya kadi za nani.

Swali hilo alinirushia shemeji wiki chache kabla. Alikuwa nyumbani kwangu, amekaa sakafuni na watoto, wanafungua makasha ya viatu niliyojaza kadi. Akatoa Kobe, akatoa Durant, akatoa Blake Griffin, akatoa vijana wa benchi ambao hata jina lao huwezi kulikumbuka kesho. Akauliza, “Shemeji, mtu akikuuliza unakusanya nani, unamjibu nini?” Nikamwambia nakusanya NBA. Akacheka, akasema NBA haikusanyiki.

Alikuwa anasema kweli. Zamani mchezaji alikuwa na kadi chache kwa msimu, ukizipata umemaliza. Siku hizi kadi ileile inatolewa ya kawaida, ya kung'aa, ya bluu, ya dhahabu iliyopigwa namba, ya sahihi, ya kipande cha jezi, halafu kampuni inafanya hivyohivyo kwenye toleo jingine mwezi unaofuata. Mchezaji mmoja tu anaweza kukumalizia mshahara. Kwa hiyo mkusanyaji lazima achague. Wapo wanaochagua timu. Wapo wanaowinda vijana wa msimu wa kwanza, wananunua kabla hawajawika na kuuza wakishawika, na hao kwa kweli ni wafanyabiashara. Wapo wanaong'ang'ania seti moja mpaka kadi ya mwisho. Na wapo wanaochukua mtu mmoja au wawili wakaishi nao. Mimi nilitaka kuwa wa kundi hilo la mwisho, ila watu wenyewe sikuwa nimewajua.

Ndani ya ukumbi meza zilipangwa safu kwa safu. Kwenye vioo vya mbele kabisa alikuwa Derrick Rose kila upande. Alikuwa ndiyo kwanza ametajwa mchezaji bora wa ligi, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata tuzo hiyo, na Griffin alikuwa amechukua ile ya chipukizi bora. Watu walikuwa wanawazungumzia hao wawili utadhani wanazungumzia viwanja vya kununua. Mimi ndani ya boksi langu nilikuwa na Rose wa Topps Chrome, toleo la kung'aa la kampuni ya Topps, wa msimu wake wa kwanza, 2008-09, pembe zake safi, picha imekaa katikati. Nilijua ndiyo itakayonifungulia mazungumzo.

Tulisimama kwa mzee mmoja aliyekuwa ameweka kadi za zamani tu, kila moja kwenye kasha lake gumu la plastiki. Pale ndipo nilipomwona Hakeem Olajuwon, gwiji wa Houston, kwenye kadi ya kampuni ya Fleer, msimu wa 1986-87. Anayejua kadi anaijua seti hiyo: kadi 132, mipaka ya nyekundu, nyeupe na buluu, na namba 57 ni Michael Jordan, ndiyo maana seti nzima inaheshimiwa. Olajuwon ni namba 82. Niliomba niishike. Kona moja ilikuwa imeanza kuchanika nyuzi nyeupe, na mpaka wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia, ugonjwa wa kawaida wa toleo lile. Jina limeandikwa Akeem, kwa sababu alikuja kuanza kuandika Hakeem mwaka 1991.

Niliitazama nikasikia moyo unatulia. Sababu zangu hazikuwa na uhusiano na bei. Mtu huyu alizaliwa Lagos, akacheza mpira wa mikono kwanza, akaja kusoma Chuo Kikuu cha Houston, na mwaka 1984 Rockets, timu ya mji wetu, wakamchagua wa kwanza kabla ya Jordan. Akaupa mji huu ubingwa wa 1994 na wa 1995. Februari 1995 ilikuwa Ramadhani. Alifunga mwezi ule huku anacheza, bila hata tone la maji mchana, na akatajwa mchezaji bora wa mwezi huohuo. Mimi nilipofika Houston, mgeni, bado sina gari, msikiti niliousali mara nyingi ni ule wa katikati ya mji, lile jengo la benki ya zamani lenye nguzo kubwa ambalo yeye ndiye alilinunua likageuzwa kituo cha Kiislamu. Nilikuwa nimesujudu humo kabla sijawa na kadi yake hata moja. Nikajiuliza nilikuwa namtafuta nani kwenye pakiti zote zile.

Yule mzee akaangalia boksi langu, akamwona Rose. Akaniambia waziwazi, na namshukuru kwa uungwana huo, kwamba sokoni masenta, wale warefu wa karibu na ringi, hawana bei kama magadi, wale wanaoongoza mpira. “Watoto wanataka kuwa kama anayechezea mpira mikononi,” akasema, “hawajioni kwenye mtu wa futi saba.” Akaongeza kwamba wiki ile Rose ana thamani kubwa kuliko kadi yake, na kama nitakubali kubadilishana ataniongezea. Shemeji alinivuta pembeni. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia Rose ni mchezaji mzuri na ninamwombea mema, lakini kadi yake ikipotea leo nitasikitikia hela, basi. Huyu akipotea nitamtafuta.

Tukabadilishana. Nyongeza nilimwomba anipe kwa kadi, nichague mwenyewe kwenye maboksi yake ya chini ya meza.

Kwenye maboksi hayo ndimo shemeji alipopiga ukelele. Ameshika Dikembe Mutombo, Mkongomani mwenzake, kwenye kadi ya kampuni ya Upper Deck, 1991-92, na anaipindua nyuma kwenye mwanga ili ile hologramu ndogo imetemete. Kadi za miaka ile zilichapishwa kwa wingi wa kutisha, kila duka la mafuta liliziuza, kwa hiyo hata kadi ya msimu wa kwanza ya gwiji kama Dikembe utaipata kwa bei ya soda. Shemeji hakujali. Alianza kunisimulia mechi ya tano ya mtoano wa 1994, Denver ya Mutombo walioingia wa nane wanawatoa Seattle waliokuwa wa kwanza, na Mutombo amelala chali sakafuni, ameubana mpira juu ya uso kwa mikono miwili, anacheka na kulia kwa pamoja. Yeye aliiona ile picha akiwa mtoto Lubumbashi, kwenye gazeti lililofungiwa kitu sokoni. “Siku ile nilijua Mkongomani anaweza kufika popote,” akasema. Kisha akaniambia habari ya ile hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie, mama ambaye alifariki bila kuweza kufikishwa hospitali wakati wa machafuko. Alisema yote haya amechuchumaa katikati ya njia, watu wanampita, na mimi sikumharakisha.

Nilipokuwa namsikiliza ndipo hesabu ikaniingia. Olajuwon anaongoza historia ya NBA kwa kuzuia mitupo, 3,830. Anayemfuata ni Mutombo, 3,289. Na Mutombo alimalizia kazi yake hapahapa Houston, akavaa jezi ya Rockets tangu 2004 mpaka goti lilipomwangusha kwenye mechi za mtoano dhidi ya Portland, Aprili 2009. Nilikuwa namtazama kwenye televisheni usiku ule. Alisema mwenyewe kwamba basi, imekwisha. Wa kwanza na wa pili kwa kuzuia kwenye NBA, wote wana wa Afrika, wote wamevaa jezi ya mji ninaoishi.

Na wa tatu nilikuwa namjua bila kuambiwa.

Miezi miwili tu baada ya goti la Mutombo, tarehe 25 Juni 2009, sebule yangu ilijaa Watanzania. Tulipika pilau kama ya sikukuu. Ilikuwa siku ya drafti, timu za NBA zinapochagua vijana wapya. David Stern, kamishna wa ligi wakati huo, alipanda jukwaani New York, Griffin akaitwa wa kwanza, kisha akasoma kwamba Memphis wanamchagua Hasheem Thabeet, wa Chuo Kikuu cha Connecticut, wa kutoka Dar es Salaam, Tanzania. Jirani wa juu alishuka kuuliza kuna nini. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, nafasi ya pili kwenye drafti nzima, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry! Na kabla ya Connecticut alikuwa amesoma sekondari hapahapa kwetu, upande wa Cypress. Miaka ile tulikuwa tunaambiana kwenye harusi na misiba kwamba kuna kijana wa Dar, mrefu ajabu, anacheza huko kaskazini mwa mji. Februari 2011 Memphis wakambadilisha kwa Shane Battier, akarudi Houston akiwa mchezaji wa Rockets.

Nikamuuliza yule mzee kama ana Thabeet. Alinyoosha kidole kwenye boksi la dola moja. Hakuniambia kwa dharau, ndiko alikokuwa. Mambo ya Memphis hayakumwendea vizuri, alishapelekwa mpaka ligi ndogo, na wale waliokuwa wamenunua kadi zake kwa bei ya mchezaji wa pili wa drafti walikuwa wameshazitupa sokoni zote. Nilipiga magoti nikaanza kuzipekua, moja baada ya moja, vidole vinakuwa vyeusi kwa vumbi. Nikampata wa Topps. Nikampata wa Panini, kampuni iliyokuwa imeingia NBA msimu uleule wake wa kwanza. Nikapata moja yenye sahihi, kibandiko chembamba kinachong'aa na wino wa bluu juu yake, imechomekwa katikati ya wachezaji wasiojulikana. Jezi ya Memphis, namba 34, ileile ya Olajuwon.

Nilizichukua zote zilizokuwamo.

Shemeji aliniuliza, kwa upole, kama Thabeet anastahili kukaa pamoja na wale wawili. Ni swali la haki na nililijibu kwa uzito wake. Nilimwambia mimi sipangi ukumbi wa mashujaa, hiyo kazi ina wenyewe. Mtoto wa kwetu aliyeanza kikapu akiwa mkubwa, kwenye nchi ambayo viwanja vya kikapu vingi ni saruji iliyopasuka na ringi isiyo na wavu, akafika kuitwa wa pili miongoni mwa vijana bora wa mwaka mzima, kadi yake kwangu haiwezi kushuka bei. Afunge pointi mbili au ishirini. Wanangu wamezaliwa hapa. Nataka wafungue albamu wakute kadi ya NBA yenye jina la mtu wa Dar, waniulize, niwaeleze. Shemeji alitikisa kichwa taratibu, akasema, “Sawa, shemeji. Njo vile.”

Basi kanuni ikawa imepatikana tukiwa bado tumechuchumaa: mzaliwa wa Afrika, na amevaa jezi ya Houston. Vyote viwili, kimoja hakitoshi. Kwa kila mmoja nitafute kwanza kadi za msimu wake wa kwanza, halafu za Rockets, halafu za sahihi kadiri Mungu atakavyojalia. Mambo ya rangi kumi na mbili za kadi moja niyaache.

Kanuni ilijaribiwa papo hapo. Yule mzee, akiona tunaongea Rockets, akatoa Yao Ming, yule Mchina wa Rockets, wa mwaka 2002, kadi nzuri mno, na Yao alikuwa ametangaza kustaafu Julai ileile, mji mzima bado una huzuni naye. Nampenda Yao. Niliishika, nikaisifia, nikamrudishia. Akashangaa. Nilipomweleza ninachotafuta, alitoa daftari mfukoni akaandika majina matatu kwa herufi kubwa, akaniomba namba ya simu. Akasema kwa miaka yote aliyouza kadi watu wengi humjia na jina la mchezaji anayewika mwezi huo, na yeye hupenda zaidi wanaokuja na orodha ya namna hii, maana hao humfanya apekue stoo yake.

Boksi langu lilikuwa limebaki na kadi nyingi, Durant, Griffin, Kobe wawili watatu. Nilizunguka nazo meza za mbele mchana ule nikaziuza karibu zote, na hela nikaiweka kando kwa ajili ya Olajuwon mwenye sahihi.

Tukiwa tunaelekea mlangoni shemeji akasimama tena. Amemwona Manute Bol wa Washington, futi saba na inchi saba za Msudani, miguu mirefu imejaza kadi nzima. Akanitazama kwa macho ya kuomba. Akaanza kunitajia namba za kuzuia, akanikumbusha jinsi Bol alivyotumia mali yake yote kuwasaidia watu wa kwao, na yote aliyosema yalikuwa kweli.

“Shemeji,” nikamwambia, “huyu hakuwahi kuvaa jezi ya Houston.”

Akatoa pochi akainunua kwa hela yake, na kwenye gari akaniambia kuwa yeye naye ameshapata kanuni yake, anaanza na Bol.