Ukuta wa Shangazi, Mkunazini

Boti iliondoka bandari ya Mkoani, Pemba, asubuhi, na njia nzima mawazo yangu yalikuwa kwenye ukuta mmoja. Shangazi yangu anakaa Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe kule Unguja, kwenye nyumba ya ghorofa aliyoiacha babu, na chumba cha chini kilikuwa kikivuja unyevu. Miaka michache nyuma sisi wenyewe tulichangishana tukakipiga lipu ya saruji, tukaamini tumemsitiri. Sasa lipu inabanduka vipande vipande, na nyuma yake chumvi nyeupe.

Ukikaribia bandari ya Malindi, jengo linalovuta macho ni Dispensari Kongwe, roshani zake za mbao zimetobolewa nakshi kama kofia ya viua. Tajiri Tharia Topan alianza kuijenga mwaka 1887 akafariki kabla haijesha. Baadaye ikachakaa vibaya, hadi Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoikarabati miaka ya 1990. Kila nikiiona napata moyo.

Nilizunguka kwa Forodhani makusudi. Mbele ya Beit al-Ajaib sikuweza kusimama sana. Kasri la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa.

Fundi alikuwa ameshafika, mzee wa chokaa tangu ujanani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Weka mkono hapa."

Niliweka. Ukuta ulikuwa baridi kama mtungi.

Akanieleza taratibu. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, na maji ya ardhini hupanda ndani yake siku zote. Chokaa huyaachia yatoke, yakauke kwa upepo. Saruji huyafungia, nayo hutafuta njia juu zaidi mpaka yafike kwenye vichwa vya boriti, pale zilipoingia ukutani. Hapo ndipo boriti za mikoko huoza bila mtu kuona, na siku moja dari huja chini. Tulikuwa tukimlaza shangazi chini ya dari hiyo. Nilitamani kulia.

Tulibandua saruji yote siku ile. Boriti mbili vichwa vimelika; nyingine, alhamdulillahi, zima.

Jioni tukazungumza chumba kitumike vipi. Jirani alishauri vyumba vya wageni. Jengo la zamani la simu za nje pale Shangani lilifanywa hoteli, nami sina ugomvi nalo, afadhali hoteli kuliko gofu. Lakini kila nyumba ikiwa hoteli, nani atakaa barazani? Mimi napenda zaidi lile Jumba la Forodha la zamani, ambamo kwa miaka mingi vijana wa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi wamejifunza kupiga ala za udi na kanuni. Shangazi alikuwa ameshaamua: wasichana wa mtaani waje kujifunza kudarizi kofia. Anataka dirisha likuzwe kwa ajili ya mwanga, kwa hiyo maombi lazima yapite kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Chokaa tumeizima kwa maji ndani ya pipa uani, na fundi amekataa kuigusa mpaka ikae wiki kadhaa. Nimesharudi Pemba. Jana nilimpigia shangazi. Ananiambia kila jioni analifunika pipa kwa gunia bichi, na ukuta ulio wazi umeanza kubadilika rangi.